Nyuzi Nane, Ndimi Nane

Ukivuka Mto Mara kutoka Tarime na kuingia wilaya ya Serengeti, muulize mzee yeyote chombo cha muziki cha kwao ni kipi. Atakutajia ritungu. Ni kinubi kikubwa: bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili iliyosimama, ufito uliolazwa juu kuiunganisha, na nyuzi nane ambazo zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe na siku hizi ni nailoni. Sauti yake ni nzito. Anayeisikia kwa mara ya kwanza akiwa mbali hudhani kuna ngoma inapigwa chini kwa chini, mpaka asogee aone vidole vya mpigaji vinavyotembea.

Marimba ya mkono haikuzaliwa huku. Ile ya ndimi za chuma zilizopangwa juu ya kisanduku, zinazobonyezwa kwa vidole gumba, Watanzania wengi wanaijua kupitia Wagogo wa Dodoma, wanaoiita ilimba. Basi mtu akitokea na mkoba wa marimba katika kata ya Nyambureti, kati ya Wangoreme na Wakuria, akasema anataka kuwafundisha watoto wa shule, hawezi kuukwepa mjadala.

Mjadala wenyewe umetungwa hapa. Waliokaa kwenye kijiwe cha fundi baiskeli ni watu watano wasio na majina: mzee mpiga ritungu, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa kwaya, fundi mwenyewe, na binti aliyerudi kutoka kusoma sanaa Bagamoyo. Hao ni wa kubuni. Wanamuziki, miaka na vyombo wanavyovitaja ni vya kweli.

Binti ameweka vitu viwili juu ya benchi. Cha kwanza ni marimba ya kiwandani, yenye ndimi 17 zinazong'aa, kila moja imechongwa herufi ya noti: C, D, E, na kuendelea. Cha pili ni ilimba ya Kigogo, kisanduku kilichopauka, ndimi zake hazilingani unene, na usoni ina tundu dogo lililofunikwa kitu chembamba kama ngozi ya kitunguu.

"Hicho ni nini?" mzee anauliza, kidole kikiwa juu ya tundu.

"Utando wa buibui, mzee. Ule unaofunika mayai yake. Ulimi ukilia, utando unatetemeka, sauti inakuwa na mvumo."

Mzee anaitwaa ilimba, anabonyeza ulimi mmoja, kisha anaisogeza karibu na sikio. Anakaa nayo hivyo kwa muda. "Hii ina mtu ndani," anasema. Halafu anaichukua ile ya kiwandani, anabonyeza, anairudisha. "Hii haina."

Mwalimu anacheka, lakini halegezi. Yeye ndiye aliyemwalika binti. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umerudisha sanaa darasani, naye ana watoto wengi na hana chombo hata kimoja. "Mzee, ritungu unalo wewe. Moja. Kulichonga kunataka gogo la mti mzima, ngozi, na fundi anayejua. Nikikuletea watoto 50, wataliangalia tu. Marimba inaingia kwenye begi la daftari."

"Mwalimu, kama shida yako ni wepesi, wape filimbi."

"Filimbi inamnyima mtoto kuimba. Mdomo unakuwa na kazi. Hii inamwachia mdomo."

Hapo mwalimu amegusa jambo kubwa kuliko anavyodhani. Uhuru huo wa mdomo, pamoja na wepesi wa kubebwa, ndio uliotembeza chombo hiki Afrika. Mwaka 1586 mmishenari Mreno, João dos Santos, alikiona katika nchi ambazo leo ni Msumbiji na majirani zake. Alihesabu ndimi tisa za chuma. Karne nyingi baadaye, likembe ya Kongo ilisafiri na wapagazi na vibarua wa enzi za ukoloni, ikafika mpaka kaskazini mwa Uganda, ambako Waacholi waliiita lukeme. Mtu aliyebeba mzigo kichwani aliweza kupumzika jioni akapiga, na wengine walipiga huku wakitembea. Kinubi chenye bakuli la ukubwa wa beseni kisingeifanya safari hiyo.

Mzee anasikiliza. "Kwa hiyo mnanieleza kwamba ni chombo cha msafiri."

"Ndiyo."

"Na mimi nina chombo cha mwenye boma. Msafiri anakaribishwa, analishwa, analala. Lakini hapewi kiti cha baba."

Hoja hii ni nzito, na wapenda muziki wa asili walioko mijini huiruka haraka mno. Chombo hakiji mikono mitupu, kinakuja na nyimbo zake, namna yake ya kukaa, hata saa zake za kupigwa. Mzee anajua ritungu linavyoitikia sherehe, linavyomsifu mtu kwa jina na ukoo wake, linavyomwonya kijana aliyepotoka bila kumwaibisha. Mtoto akipewa marimba ya kiwandani yenye herufi za C na D, anapewa na video ya kumfundisha, na wimbo wa kwanza kwenye video hiyo utakuwa wa mbali. Atajua kupiga wimbo wa kuzaliwa wa Wazungu kabla hajajua wimbo mmoja wa bibi yake.

Historia ya hiyo marimba ya herufi inastahili kuelezwa. Hugh Tracey, Mwingereza aliyezaliwa 1903 na kuhamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana, alizunguka Afrika kwa miongo kadhaa akirekodi muziki. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika inayojulikana kwa kifupi kama ILAM, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda. Katika miaka hiyohiyo kiwanda chake, African Musical Instruments, kikaanza kutengeneza marimba aliyoiuza kwa jina la kalimba. Aliisawazisha kwa ngazi ya kinanda cha Ulaya ili mnunuzi wa London au Chicago aweze kuipiga bila kubadili sikio lake. Maurice White wa kundi la Earth, Wind & Fire akaifanya isikike redioni Marekani katika miaka ya 1970. Leo viwanda vya China vinatoa za ndimi 17 kwa wingi, na kwa watu wengi duniani hiyo ndiyo marimba yenyewe.

"Sasa kuna ubaya gani?" anauliza mama wa kwaya. "Kwetu kanisani tuna kinanda. Marimba yenye ngazi ya kinanda itaingia kwenye kwaya bila ugomvi. Hiyo ya buibui itatugombanisha na mpiga kinanda kila Jumapili."

Binti anamkubalia kwamba ugomvi upo, na anauonyesha. Anapiga ilimba ndimi tano, polepole, kutoka chini kwenda juu. Sauti ya nne inashangaza: iko kati ya funguo mbili za kinanda, haikai kwenye yoyote. Wagogo hawakukosea. Ngazi yao inafuata sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya sauti moja, zile ambazo mtu huzisikia akipuliza pembe au akiuchezesha uzi mmoja wa zeze. Mlio wa saba katika mfuatano huo wa asili uko chini ya ufunguo wa kinanda kwa karibu theluthi moja ya hatua ndogo kabisa ya kinanda. Ni kidogo, lakini sikio halidanganyiki. Waimbaji wa Kigogo wanapopanga sauti zao kwa ngazi hiyo, sauti zinafungana mpaka unahisi hewa inavuma.

Ukiinyoosha ngazi hiyo ilingane na kinanda, umeufuta mvumo huo. Mwandishi wa makala hii hana kigugumizi: kwa Wagogo, hiyo ingekuwa hasara. Na kwa Nyambureti? Ritungu nalo lina ngazi yake, na kila mpigaji hukaza nyuzi kwa sikio alilorithi. Kuwaletea watoto ngazi ya C ni kuwafundisha, bila kutamka neno, kwamba sikio la babu limekosea.

Fundi baiskeli amekuwa kimya, anaziba pancha. Sasa anainua kichwa. "Hizo ndimi zimetengenezwa kwa nini?"

"Hii ya Kigogo, nyingine ni misumari iliyopondwa. Nyingine ni spoki."

"Spoki ninazo."

Anachomoa spoki kuukuu kwenye ringi iliyopinda, anaikata kwa koleo, anailaza juu ya kipande cha chuma kizito ambacho ndicho fuawe yake, na kuanza kugonga. Hagongi kwa nguvu. Anagonga ncha moja, anageuza, anagonga tena, mpaka ile duara inakuwa bapa kama ulimi wa nyoka. Mwalimu anataka kuipasha moto ili ilainike haraka. Fundi anamkataza: chuma kilichopata moto mwingi kinalegea, kikibonyezwa kinapinda na kubaki hapohapo, hakirudi kulia. Kisha anachukua tupa, anaondoa makali yasije yakamkata mtoto kidole gumba.

Ulimi hufungwa kati ya vizuizi: kimoja nyuma, kimoja mbele, na ufito katikati unaoubana chini kwa waya. Ukiusukuma ndani, sehemu inayotetemeka inafupika na sauti inapanda. Ukiuvuta nje, sauti inashuka. Kama bado iko juu, unabandika nta ya nyuki chini ya ncha, uzito unaongezeka, sauti inatulia. Hakuna herufi. Anayesawazisha lazima awe na sauti nyingine ya kuifuata: ya mtu, au ya chombo kingine.

Hapo ndipo mama anapouliza swali ambalo kila mtu kijiweni alilijua na hakuna aliyelitoa. "Na wasichana?"

Kimya.

"Nauliza kwa sababu ritungu sijawahi kuona mwanamke akilipiga. Binti yangu ana sikio kuliko kaka zake wote. Mwalimu akileta marimba, atapiga. Ikibaki ritungu tu, atacheza ngoma pembeni."

Mzee anasema hajawahi kumkataza msichana. Hakuna aliyekuja kuomba kufundishwa.

"Hakuja kwa sababu jibu alilijua, baba."

Mzee harudishi neno, na ni haki asirudishe. Binti anamsaidia kwa kusimulia yaliyotokea kwingine. Ng'ambo ya mpaka, Siaya nchini Kenya, nyatiti ya Wajaluo ilikuwa ya wanaume mpaka Mjapani mmoja, Eriko Mukoyama, alipokwenda kukaa kijijini na kujifunza kwa mwalimu wa Kijaluo; akapewa jina la Anyango na amekuwa akiipiga majukwaani duniani. Inauma kidogo kwamba mlango ulifunguliwa na mgeni. Bagamoyo mlango umefunguliwa na wenye nyumba: Pendo na Leah, mtoto na mjukuu wa Hukwe Zawose, wanaojiita Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha mwaka 2024. Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo huo walikuwa waitikiaji na wachezaji, huku ilimba na zeze vikiwa mikononi mwa wanaume. Sasa wanavishika wenyewe.

Jina la Hukwe Zawose linambadilisha mzee uso. Analijua, kama wanavyolijua Watanzania wa rika lake. Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, mkoa huuhuu wa Mara, alimsikia Mgogo huyo katika miaka ya 1960 akamwita Dar es Salaam. Zawose baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa ni TaSUBa, na akazunguka dunia mpaka kifo chake Desemba 2003. Alijenga ilimba kubwa zenye ndimi zaidi ya 60. Za katikati hazikubonyezwa kabisa, zilitetemeka zenyewe zilipozisikia jirani zake.

"Mnaona?" mzee anasema. "Huyo aliongeza ndimi. Hakuongeza herufi."

Mzee ndiye aliyeipata hoja ambayo wengine walikuwa wakiizunguka. Zawose alikipanua chombo kutoka ndani ya sikio lake. Mingiedi Mawangu wa Kinshasa, mwanzilishi wa Konono N°1, alifanya vivyo hivyo kwa njia ya chuma: likembe yake ilipomezwa na kelele za jiji, alitengeneza vinasa sauti kwa sumaku za magari makuukuu, mlio ukawa na mkwaruzo, naye akaupenda mkwaruzo huo. Albamu ya Congotronics ya mwaka 2004 ilipofika Ulaya, vijana wa muziki wa kompyuta walidhani wamekutana na muziki wa kesho.

Binti anatoa simu. Anataka kumrekodi mzee, apeleke kwa wanafunzi wenzake Bagamoyo.

"Subiri kwanza," anasema mzee. "Ukishapeleka, mimi nabaki na nini?"

Si ubahili huo. Hugh Tracey alirekodi maelfu ya nyimbo, na wengi walioziimba hawakuzisikia tena. Mwaka 1950, Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis, si mbali sana na Ukuria ukihesabu kwa ndege, alirekodi wasichana wakiimba Chemirocha kwa kinubi chao. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia kwenye santuri. Ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya ILAM na mradi wa Singing Wells wa Kenya kuzirudisha rekodi hizo vijijini. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ndani yake imo sehemu inayolinda sanaa za jadi zisitumiwe kibiashara bila idhini. Sheria hiyo haiwezi kusimama kijiweni kila simu inapotolewa. Binti anajua hivyo. Anakubali masharti matatu ya mzee: jina lake na la kijiji litajwe, nakala ibaki shuleni, na nyimbo mbili za ukoo zisirekodiwe kabisa.

Chemirocha inamsaidia mwalimu pia. "Wale wasichana walisikia gitaa la Mzungu, hawakuagiza gitaa. Walimhamishia mgeni kwenye kinubi chao. Sisi kwa nini tusihamishe kinubi chetu kwenye hii?"

"Vipi?"

"Ritungu lina nyuzi ngapi?"

"Nane."

Binti anakaa wima. Mwaka 1972 Andrew Tracey, mwana wa Hugh, alilinganisha marimba za aina nyingi za Afrika, akaona kuna mpangilio wa ndimi nane unaojirudia ndani ya zile kubwa kama moyo ndani ya mwili. Akapendekeza kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa marimba ya mwanzo. Wapo wasiomkubalia. Lakini kwa kazi ya Nyambureti haihitajiki uthibitisho. Inatosha kwamba ndimi nane zinakaa vizuri chini ya vidole gumba viwili vya mtoto wa miaka tisa, nne kushoto, nne kulia.

Mama wa kwaya hajaridhika. Anataka kujua watoto hao wakisawazishiwa marimba kwa ritungu wataimbaje na kinanda. Mwalimu anamjibu kwamba hawataimba na kinanda. Watakuwa na masikio mawili, kama walivyo na lugha tatu: ya nyumbani, Kiswahili, na Kiingereza cha darasani. Mama anatikisa kichwa. "Utaniambia hayo Krismasi."

Mzee ametuma mtoto nyumbani, na ritungu limefika limebebwa mgongoni. Kivulini sauti yake inabadilisha mahali. Wapita njia wawili wamesimamisha pikipiki. Fundi amemaliza ndimi saba na kipande cha mbao kimetobolewa kwa keekee. Uzi wa kwanza unapigwa, ulimi wa kwanza unasukumwa, unavutwa, unasukumwa. Mzee hasemi "juu" wala "chini". Anapiga tu uzi wake tena na tena, na binti anatafuta. Zinapokutana, mtoto aliyeleta ritungu anatabasamu kabla ya mtu mzima yeyote. Wa pili. Wa tatu. Wa nne unachukua muda, spoki ina kovu la kutu. Kufika wa saba, jua limehamia upande wa pili wa mti.

Uzi wa nane, wa chini kabisa, ndio unaowashinda. Ndimi zote ziko ngazi moja juu ya nyuzi, kama sauti za watoto wakiimba na baba zao, na hilo mzee amelikubali. Ila hapa, hata ukiwekwa hapo juu, ulimi unatakiwa uwe mrefu kuliko kisanduku kinavyoruhusu; ukirefushwa unalegea na kupiga kelele ya bati. Mwalimu anashauri uachwe, saba zinatosha. Mzee anaweka mkono juu ya nyuzi zote kuzinyamazisha.

"Huo ndio unaobeba jina la mtu," anasema. "Ukiuacha huo, umeleta sanduku la njugu."

Fundi anapekua kwenye kopo la vyuma chakavu, anatoa spoki ya pikipiki, nene mara mbili ya zile za baiskeli, na kuanza kuigonga upya. Binti anamega nta kiasi cha punje ya ulezi, anaibandika chini ya ncha. Mzee anapiga uzi. Binti anabonyeza.

"Bado," anasema mzee.

Anaongeza punje nyingine.